Nitafute Kama Bado Nimo

Mama,

Shikamoo. Naomi wa kazini alinicheka aliposikia nataka kukuandikia. Alisema marehemu hasomi barua, na kama anasoma basi hahitaji kuamkiwa. Mimi nimeshindwa kuanza vinginevyo. Tangu niolewe sijawahi kufungua neno lolote na wewe bila shikamoo, na sioni kwa nini nianze utovu wa adabu leo. Kwa hiyo shikamoo, mama mkwe wangu. Marahaba nimeisikia mwenyewe.

Nimekaa jikoni kwako, kwenye kile kigoda chenye mguu mfupi ambacho shemeji Idi aliahidi kukitengeneza. Hajakitengeneza. Nimekiwekea kigae kama ulivyokuwa unafanya. Nje ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, mbuzi tumewarudisha mapema, na Baba yuko barazani amejifunika lile blanketi lako la mistari. Tulimwambia achukue la kwake. Alisema la kwake lina baridi.

Arobaini ilipita salama. Watu walikuja wengi, hata wa upande wa kwetu Mgwashi, na pilau ilitosha, ingawa ungesema imezidi chumvi na ungekuwa na haki. Kuku wako yule mwekundu ametotoa. Ndoo ya bluu imepasuka. Shangazi ameondoka na kanga zako mbili baada ya kutuuliza, na moja bila kutuuliza, tukanyamaza. Mambo ya nyumbani ndiyo hayo, mengine yako kama ulivyoyaacha, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Nikifungua mlango asubuhi nakuta kila kitu mahali pake, wewe tu hupo.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za kuku. Kuna jambo limetokea kazini ambalo ningekusimulia wewe kabla ya mtu yeyote, maana linakuhusu, na ungelicheka mpaka ukashika ubavu. Salehe nimemsimulia, akacheka kidogo, akauliza kama kuna chai. Yeye ni mwanao, hakuona uzito wake. Uzito wake tunaujua wewe na mimi.

Nitaanzia mbali, kwa sababu hukupenda hadithi inayoanzia katikati.

Unakumbuka nilivyoingia kiwanda cha jamu pale Lushoto mjini. Ushirika ulikuwa umeshalegea, kila mwenye gari amekuwa mnunuzi, na plamsi zetu zilikuwa zinaozea kwenye matenga kando ya barabara kwa sababu mnunuzi wa leo kesho hatumwoni. Ndipo akaja Bi Rehema na kiwanda chake kidogo, akasema maduka makubwa ya Dar yanataka jamu ya milimani, ila yanataka kila chupa iwe na lebo inayosema matunda yametoka kwa nani na kijiji gani. Wengi walidharau. Wewe ulijiandikisha ukiwa bado na udongo mikononi. Na nilipopata nafasi ya kuchapisha hizo lebo, Salehe akawa anakunja uso, ni wewe uliyemwambia, "Mwache akajifunze mashine. Kulima tutalima sisi."

Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage, ukaniuliza hiyo mashine inafanyaje kazi. Nilikueleza taratibu. Lebo naichora mimi kwenye kompyuta, na naacha nafasi tupu: ya jina, ya kijiji, ya tunda. Majina yenyewe hayamo kwenye lebo. Yamo kwenye faili la pembeni, mstari mmoja kwa mkulima mmoja. Nikichapa namba ya mkulima, programu inaingia kwenye faili, inashuka mstari baada ya mstari mpaka ikutane na namba ile, inachukua kilichoandikwa mbele yake na kukijaza kwenye zile nafasi tupu. Printa inalia, lebo inatoka. Ulisikiliza bila kuacha kuchambua, ukauliza swali moja tu: "Na ikinikosa?" Nikasema ikikukosa inaandika kwa Kiingereza kwamba rekodi haikupatikana. Ukasema, "Basi nitakuwa nakuja kuhakikisha."

Na ukawa unakuja kweli. Kila msimu wa plamsi ulishuka na pikapu ya matenga kutoka Migambo, umejifunga kanga mbili na juu koti la Baba, ukaipita foleni yote mpaka dirishani kwangu. Bi Rehema alikukataza kuruka foleni. Ukamjibu kwamba hukuja kupimisha, umekuja kumsalimia mkweo, na salamu haina foleni. Kisha unainama dirishani, unashusha sauti kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Haya, nitafute kama bado nimo." Nachapa namba yako. Unatokea. Nakwambia, "Umo, mama." Unasema, "Alhamdulillahi," unarudi zako nyuma ya foleni umeridhika. Watu walizoea. Wengine wakaanza kuniomba na wao niwatafute, bila sababu yoyote, ili tu waambiwe wamo.

Ile namba, mama, ndiyo iliyonistiri miaka yote.

Siku ya kuolewa kwangu mama yangu alinikalisha kule Mgwashi akanipa maneno mengi. Mengine nimeyasahau, lakini hili lilikaa: jina la mama mkwe halipiti mdomoni. Utamwita mama. Watu wakikuuliza mama mkwe wako ni nani, utasema Mama Salehe, au utamwomba aliyesimama karibu akutajie. Habari ya kuandika hakuigusa, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mkwe wa watu atakuja kupata riziki kwa kuandika majina. Nikaamua mwenyewe kwamba lisilopita mdomoni na vidoleni lisipite. Na mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, akapewa jina lako kama ilivyo ada, mimi peke yangu katika nyumba nzima nikawa namwita Bibi. Bibi, njoo ule. Bibi, umeoga? Wewe ukawa unaitika kutoka uani, "Nimeoga!", kwa makusudi, ili nione haya mbele ya wageni. Majirani wananiita mama wa huyo mtoto, kama wanavyoitwa wazazi wote, nami naitika. Lakini mgeni akiniuliza naitwa nani, siwezi kusema hata ninavyoitwa. Nasema mimi ni mke wa Salehe.

Kwa hiyo kiwandani nilichapa namba tu, na jina lako likatoka lenyewe kwenye karatasi. Sikulitamka, sikuliandika, na kazi ilikwenda. Uliligundua hilo mapema kuliko nilivyodhani. Siku moja uliinyakua lebo ikiwa bado na joto, ukaisoma kwa sauti mbele ya foleni, jina lako la kwanza, na Migambo, na plamsi, ukanitazama nilivyoinama, ukasema, "Kumbe mashine haina mkwe!" Naomi alicheka mpaka akaibandika lebo iliyofuata juu ya kifuniko. Neno lako limebaki pale. Mtu akikosa adabu kiwandani tunasema huyo naye ni mashine, hana mkwe.

Ulipoondoka ilikuwa kipupwe na plamsi zako zote zilikuwa zimepukutisha majani. Kifua kilikubana siku chache tu. Watu wananiuliza uliniachia wosia gani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Uliniuliza kama nimeyafunika maziwa. Nilikuwa nimeyafunika, nikakwambia, ukafumba macho. Sijui kama watu wanapenda jibu hilo lakini ndilo nililo nalo. Tangazo la msikitini lilisema Mama Salehe wa Migambo hatunaye. Nilikuwa nasubiri kulisikia jina lako kwa mara moja angalau, halikuja.

Sasa Idi. Nampa haki yake, alisubiri arobaini iishe. Ndipo akasema miti ya plamsi ikatwe, apande karoti. Sababu zake alikuwa nazo: plamsi ni mara moja kwa mwaka, karoti hazikauki sokoni, na mwenye kuijua ile miti ameondoka. Salehe hakuwapo kumjibu, alikuwa safarini na lori la mboga. Mimi ni mkwe, nilisikiliza kutoka mlangoni kwa hasira. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ile ni miti ya mwenyewe. Kama kiwanda bado kinamjua, itabaki. Kama hakimjui tena, panda karoti zako." Hakupandisha sauti. Idi akakubali, na mimi nikarudi jikoni nimetulia kabisa, kwa sababu niliona jambo limekwisha. Nani atakufuta wewe kwenye lile faili, na anayelichunga ni mimi?

Kumbe nilikuwa najidanganya. Wiki haikuisha, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, ile kompyuta ya zamani ikazima moja kwa moja. Fundi alitoka Tanga. Faili alilipata salama, akalihamishia kwenye kompyuta mpya yenye programu mpya, na hiyo programu ikawapanga wakulima upya kwa herufi na kuwapa namba mpya. Nilikaa, nikachapa namba yako ile niliyoizoea kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Akatokea mzee mmoja wa Mlalo mwenye peasi. Nilimtazama yule mzee kwenye kioo, hana kosa lolote, nikatamani nimfukuze.

Bi Rehema naye akaona huo ndio wakati wa kusafisha faili, kwa sababu lilikuwa limejaa waliohama, walioandikwa mara mbili na walioacha matunda siku nyingi. Akatoa utaratibu. Kila mkulima afike dirishani, ataje majina yake matatu, programu imtafute kwa majina hayo. Akipatikana, mchapaji asome rekodi kwa sauti, mwenyewe aseme ndiyo, apewe namba mpya. Aliyefariki, mtu wa nyumba yake afike amtaje. Ambaye hatatajwa mpaka Ijumaa anafutwa, na nafasi yake anapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Sikuweza kumlaumu, ulikuwa utaratibu wa haki. Ila hakuna aliyemwambia Bi Rehema kwamba kuna nyumba Migambo ambayo mama yao hatajwi na mtu yeyote.

Saa ya chakula nilibaki peke yangu nikajaribu. Niliandika Mama Salehe. Haikupatikana. Nikaandika Mama Idi, kwa kuwa shangazi hupenda kukuita hivyo. Haikupatikana. Nikaandika Bibi, peke yake, najua ni ujinga, na hiyo nayo haikupatikana. Kwenye lile faili kila mtu yumo kwa jina alilopewa na wazazi wake, heshima tulizomwongezea sisi hazimo. Naomi akarudi akanikuta nimeegemea mkono. Nilipomweleza, alikwenda rafuni akachukua chupa ya msimu uliopita, akasoma jina lako la kwanza kwenye lebo, akaliandika yeye. Akatokea mwanamke wa Irente mwenye mafyulisi. Programu hii ikimkuta wa kwanza inasimama hapo hapo, haiulizi kama kuna mwingine nyuma yake mwenye jina hilo. Naomi akasema, "Nitajie la baba yake na la babu yake, niandike mimi." Nikamwambia hayo nayo ni sehemu ya jina lake, siwezi. Yeye ni Mlutheri wa Soni na nilidhani atanicheka, lakini hakunicheka. Alisema mama yake mpaka leo anamwita mumewe Baba Naomi, hata akiwa amemkasirikia.

Salehe alikuwa bado safarini, na Idi nisingeweza kumtuma aiokoe miti anayotaka kuikata. Nikabakiwa na Baba. Nilimwomba jioni ile, nimepiga magoti na sahani ya matunda mbele yake, afike Ijumaa akutaje. Akasema, "Nitakuja."

Alikuja amevaa kanzu na lile koti mlilokuwa mkivaa kwa zamu. Alikuwa hajashuka mjini tangu tukuzike. Yeye hakuruka foleni, mama. Alisimama kama watu wengine mpaka zamu yake ikafika, akainama dirishani pale pale ulipokuwa unainama wewe. Nikamwamkia. Akaitika. Nikamuuliza kwa sauti ya kazi, "Tunamtafuta nani, Baba?"

Akasema, "Mama Salehe."

Nikamwambia, "Majina kamili, Baba."

Akafikiri. Nilimwona kabisa anafikiri, midomo inacheza. Kisha akasema tena, polepole zaidi, labda akidhani sikusikia, "Mama Salehe."

Nyuma yake kijana mmoja mwenye tenga akapaza sauti, "Mzee, umesahau jina la mkeo?" Watu wakacheka. Si vibaya, ni kicheko cha foleni. Baba hakucheka wala hakugeuka. Aliniinamia mimi, akasema kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, "Sijalisahau. Nikilitaja hapa nitalia, na hawa watu wamekuja kwa shida zao."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nilishika kibodi, nikaiacha. Nilikuwa namwonea huruma, na nilikuwa naogopa, na nilikuwa naiona miti yako imelala chini, yote kwa wakati mmoja. Akaniambia, "Mtaje wewe." Nikasema, "Siwezi, Baba." Akasema, "Mkwe wangu, mwenye nyumba ni mimi. Nimekuruhusu. Akikasirika, mwambie nimekutuma mimi."

Basi nikaandika. Mimi ninayechapa bila kutazama vidole nilikutafuta kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Jina lako. La baba yako. La babu yako. Nikabonyeza.

Haikupatikana.

Nilidhani wameshakufuta, au hukuwahi kuwemo, au nimeadhibiwa. Baba aliuona uso wangu akashika ukingo wa dirisha. Nikasoma tena nilichoandika, na hapo ndipo nikamkumbuka yule karani wa kwanza aliyewaandikisha, aliyependa kukata majina mwishoni. Kwake Rajabu alikuwa Rajab na Saidi alikuwa Said, alisema ndivyo wanavyoandika watu wa mjini. Nilirudi kwenye jina la baba yako na la babu yako, nikaondoa herufi ya mwisho ya kila moja, nikabonyeza tena.

Ukatokea.

Utaratibu ulitaka nisome kwa sauti. Nilisoma. Majina yote matatu, Migambo, plamsi. Sauti yangu ilikatika kwenye jina la kwanza, nikaanza upya ili lisiwe nusu. Ni mara ya kwanza maishani mwangu, na nililitamka mbele ya Baba, mbele ya Naomi, mbele ya foleni nzima. Hakuna kilichoanguka. Kijana wa tenga alikuwa amevua kofia. Baba akasema, "Ndiyo. Ndiye huyo." Na mimi, badala ya kuita anayefuata, nikajisikia nasema, "Umo, mama."

Baba alilia baada ya hapo, alivyosema atalia, lakini kidogo, na Naomi akamletea kiti.

Bi Rehema alitoka ofisini kuona kwa nini foleni imesimama. Alikuwa mpole sana. Alisema rekodi itabaki, ila jina libadilishwe liwe la Baba, kwa sababu lebo haiwezi kumwambia mnunuzi kwamba marehemu ameleta matunda. Alikuwa anasema kweli. Baba akaangalia chini. Nikamwomba Bi Rehema anipe dakika moja. Sikuligusa faili. Nilikwenda kwenye mchoro wa lebo yenu watu wa plamsi, na mbele ya ile nafasi tupu ya jina nikaongeza maneno mawili: Shamba la. Nikachapisha moja. Bi Rehema aliisoma, akaisoma tena, akasema hiyo ni kweli tupu, iwe hivyo kwa wote.

Ile lebo Baba aliitia mfuko wa koti. Njiani, ndani ya pikapu, aliniambia kwamba kabla Salehe hajazaliwa alikuwa hana la kukuita, kwa hiyo alikuwa anakohoa tu, nawe unageuka. Nilicheka, naye akacheka. Tulipofika akaibandika lebo kwenye kopo la sukari. Sijui kwa nini alichagua hapo. Unajua mlivyokuwa mkigombana juu ya vijiko vyake vya sukari. Sasa akinyoosha mkono anaona jina lako, anaguna, anaweka kijiko kimoja.

Idi nilimwambia siku ile ile. Hakubisha. Asubuhi alichukua jembe nikashtuka, kumbe amekwenda kupalilia chini ya miti. Karoti amezipanda kule bondeni, nje ya kivuli. Kigoda bado, lakini nadhani hicho anakiacha kwa sababu kinamkumbusha kelele zako.

Nikuambie la mwisho, kisha niwashe moto, maana Baba ameanza kukohoa barazani na sasa nimejua maana ya kikohozi chake. Jioni ya Ijumaa ile nilisimama pale mlangoni nikamwita binti yetu kwa jina lake. Si Bibi. Jina lake. Alikuwa anacheza uani na mawe, akanyanyua kichwa, lakini hakuja. Aligeuka akatazama njia ya shambani, ile uliyokuwa unarudi nayo, akasubiri. Alidhani nakuita wewe. Nilikwenda nikamkumbatia, nikalia kilio ambacho nilikuwa sijakilia msibani.

Plamsi zimetoa maua, mama. Miti yote, hata ule wa pembeni uliosema umezeeka. Zitakapoiva nitachuma mwenyewe tenga la kwanza, nitavaa koti, nitashuka nalo. Siku hiyo Naomi atakaa kwenye mashine, mimi nitakuwa upande wa nje wa dirisha. Nitaruka foleni. Nitainama nimwambie amtafute mama yangu kama bado yumo, na akiniuliza majina kamili nitamtajia yote matatu, kwa sauti, bila kuomba ruhusa. Nitafanya hivyo kila msimu mpaka mtu mwingine aanze kunitafuta mimi.

Usinikasirikie. Nimetumwa na Baba. Na jina lenyewe naliandika hapa kama tulivyolisikia kwako, na herufi zilizokatwa nimezirudisha mahali pake.

Lala salama, Zaina Hemedi Mbaruku.

Mimi mkweo,
Mama Zaina